Kuchagua Maikrofoni za Kunasa Sauti za Ngoma

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo lionekanalo dogo, lakini lenye hasara kubwa kwa asiyelijua. Nalo ni jinsi ya kuchagua maikrofoni, ambayo vijana wetu huiita maiki, kwa ajili ya kunasa sauti za ngoma katika studio ya nyumbani, wakati fedha ni chache.

Yanipasa kuanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka 2014 mimi na wanafunzi 3 tulikwenda katika kijiji kimoja cha Kyerwa, kwa mzee aliyesifiwa na watu wote kwa kupiga engoma. Tulikuwa tumechanga fedha tukanunua maikrofoni moja, ambayo mwenye duka alituambia kuwa ni nzuri kwa kazi zote. Tukaiweka shubiri moja tu kutoka ngozi ya ngoma, maana tulidhani kuwa kadiri inavyokaribia, ndivyo sauti itakavyokuwa safi. Mzee alipoanza kupiga, taa nyekundu ikawaka katika chombo chetu. Sisi tukafurahi, tukidhani kuwa ni dalili ya kazi njema. Mzee akapiga kwa muda wa saa nzima, naye akatuambia, "Mwalimu, pigo hili la mwisho nilifundishwa na babu yangu. Lishikeni vizuri."

Tuliporudi shuleni na kusikiliza, hatukusikia ngoma. Tulisikia mlio wa kukwaruza, kama gunia linaloburutwa juu ya changarawe. Tukasema, "Si neno, tutarudi baada ya masika." Tuliporudi baada ya masika, tukakuta mzee amekwisha kufa. Wanawe wanayajua mapigo yake mengi, lakini lile la mwisho hapana aliyelijua. Tangu siku ile nimejifunza habari ya maikrofoni kwa bidii, na haya nitakayowaambia ni yale ambayo laiti ningaliyajua siku ile.

NGOMA ZILIZONASWA NA ZILIZOPOTEA

Nchi yetu ya Karagwe ni nchi ya ngoma tangu zamani. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika, na katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1863 alieleza sherehe ya mwezi mwandamo, iliyofanywa kwa mlio wa ngoma nyingi. Twaweza kuyasoma maneno yake, lakini hapana awezaye kuyasikia mapigo yenyewe kutoka karatasini.

Sasa tazameni jirani zetu. Katika safari zake za mwaka 1950 na 1952, Bwana Hugh Tracey alinasa muziki wa ikulu ya Kabaka wa Buganda, na mwaka 1952 akanasa ngoma za ikulu ya Mwami wa Rwanda. Mwaka 1966 majeshi ya serikali ya Uganda yaliishambulia ikulu ya Mengo. Wapigaji wakatawanyika, na ala nyingi zikapotea. Lakini sauti zake zimehifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo Tracey aliianzisha huko Afrika Kusini mwaka 1954. Tena hakuwa na maikrofoni nyingi. Aghalabu alitumia moja tu, akaishika mwenyewe na kuisogeza kwa akili mahali palipofaa. Basi msikate tamaa kwa sababu ya uchache wa vyombo. Elimu ya kutumia chombo kimoja yashinda wingi wa vyombo visivyojulikana.

KWA NINI NGOMA NI NGUMU KUNASWA

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mkono au fimbo ikigonga ngozi, ngozi huisukuma hewa na kuivuta, na mtikisiko huo husafiri mpaka sikioni. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mtu asemaye kwa utulivu, akiwa meta 1 mbali nawe, sauti yake ni kama desibeli 60. Ngoma ipigwayo kwa nguvu, mtu akipima karibu na ngozi, yaweza kufika desibeli 120 na kuzidi. Msidhani kuwa 120 ni mara mbili ya 60. Kila desibeli 20 zikiongezeka, msukumo wa hewa huzidi mara 10. Kwa hiyo zikiongezeka 60, msukumo huzidi mara 1,000. Ndiyo sababu chombo kilichotengenezwa kwa maneno ya mtu hushindwa mbele ya ngoma.

Jambo la pili ni kwamba pigo la ngoma ni la ghafula. Sauti ya filimbi hupanda polepole, lakini ya ngoma hufika kilele mara moja, kisha hushuka. Simu ya mkononi ina desturi ya kujirekebisha yenyewe: sauti ikiwa kubwa, huipunguza, ikiwa ndogo, huikuza. Kwa mazungumzo jambo hili ni jema. Kwa ngoma ni baya, kwa sababu pigo kubwa na pigo dogo hutoka karibu sawa, na uhai wa ngoma hupotea. Mwenye simu tu asikate tamaa. Lakini na akae meta kadhaa mbali, na kama programu ya simu yake yaruhusu, azime kule kujirekebisha.

Jambo la tatu ni sauti nzito. Ngoma kubwa hutoa mitikisiko michache kwa sekunde, labda 60 au 80. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa mitikisiko hiyo vizuri. Basi usiihukumu kazi yako kwa kusikiliza katika simu. Sikiliza kwa hedifoni nzuri zinazofunika masikio.

AINA TATU ZA MAIKROFONI

Maikrofoni zote hufanya kazi moja, nayo ni kugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme. Lakini njia zao ni mbalimbali.

Aina ya kwanza huitwa dainamiki. Ndani yake mna utando mwembamba ulioshikamana na koili ya waya, na koili hiyo hukaa kati ya sumaku. Hewa ikitikisa utando, koili husogea ndani ya nguvu ya sumaku, na umeme kidogo huzaliwa. Maikrofoni hii ni ngumu. Hustahimili kelele kubwa, vumbi, na safari ya pikipiki katika barabara zetu. Nayo haihitaji kupewa umeme. Mfano wake ujulikanao duniani ni Shure SM57, iliyotokea mwaka 1965, ambayo hunasa mitikisiko tangu 40 hata 15,000 kwa sekunde. Ndugu yake, SM58, ilitokea mwaka 1966, nayo ndiyo mnayoiona mikononi mwa waimbaji wengi.

Aina ya pili huitwa kondensa. Ndani yake mna vibati viwili vyembamba vilivyokaribiana, kimoja kikitikisika mbele ya kingine. Ilibuniwa na E. C. Wente huko Marekani mwaka 1916. Hiyo husikia mambo madogo sana, kama vile mlio wa njuga, pumzi ya mpigaji, na mwangwi wa chumba. Lakini huhitaji umeme wa volti 48 upitao katika waya ule ule wa sauti. Bila umeme huo huwa bubu. Tena baadhi ya zile za bei ndogo huzidiwa zikiwekwa karibu na ngoma. Ndiyo iliyotuponza sisi. Ukiinunua, tafuta yenye kitufe cha kupunguza sauti kwa desibeli 10 au 20, na usome katika karatasi yake ni desibeli ngapi iwezazo kustahimili. Ikiwa ni 130 au zaidi, yafaa.

Aina ya tatu ni ya utepe. Ndani yake mna utepe mwembamba wa alumini uliotundikwa kati ya sumaku. Sauti yake ni tamu, lakini upepo wa pigo waweza kuukata utepe. Kwa mwenye fedha chache, na kwa kazi ya ngoma vijijini, simshauri mtu aanze na hiyo.

MAHALI PA KUIWEKA

Maikrofoni nyingi tutumiazo husikia zaidi mbele kuliko nyuma. Eneo lake la kusikia lina umbo kama la moyo. Basi mgongo wake na uelekezwe kwa kitu usichokitaka, kama vile jenereta, au jiko lenye watu wasemao.

Umbali una sheria yake. Mahali palipo wazi, ukizidisha umbali mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Ukitoka sentimeta 10 ukaenda 20, zimepungua 6. Ukienda 40, zimepungua 12. Laiti tungalivuta maikrofoni yetu siku ile mpaka meta 2, kazi yetu huenda ingalipona bila kuongeza hata shilingi moja.

Tena maikrofoni yenye umbo la moyo ikikaribia sana, huongeza uzito wa sauti. Jambo hilo laweza kuwa msaada. Ngoma kubwa ikiwa na sauti hafifu, sogeza dainamiki karibu, kama sentimeta 10 kutoka ngozi, ukiielekeza kati ya ukingo na katikati, wala si katikati kabisa. Hakikisha tu kwamba fimbo ya mpigaji haitaigonga.

UNUNUE NINI KWANZA?

Wengi huniuliza swali hili. Madukani huuzwa sanduku lenye maikrofoni 7 za dramu kwa bei ya kuvutia. Kijana huliona, akadhani amepata bahati. Lakini maikrofoni 7 zahitaji kebo 7, stendi nyingi, na saundi kadi yenye milango 7 au zaidi; na saundi kadi hiyo yaweza kumgharimu kuliko sanduku lenyewe. Mwisho wake ni maikrofoni 5 kulala kabatini. Ni heri mbili njema zitumikazo kuliko saba zilalazo.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kwanza, nunua saundi kadi yenye milango 2 na umeme wa volti 48. Hicho ndicho kisanduku kipokeacho sauti kutoka maikrofoni na kuipeleka katika kompyuta. Jihadhari na maikrofoni ichomekwayo moja kwa moja kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kwa mtu mmoja asemaye ni nzuri, lakini kuziunganisha mbili pamoja katika kompyuta moja huleta taabu. Pili, nunua dainamiki moja imara. SM57 huuzwa karibu dola 100 huko Marekani. Ukiuziwa mpya kabisa kwa bei ya chini mno, tambua kuwa huenda si yenyewe, kwa maana za kughushi ni nyingi. Ziko dainamiki za makampuni mengine za bei nafuu zaidi, nazo hufanya kazi njema kwa ngoma. Tatu, nunua stendi moja nzito na hedifoni. Baadaye, fedha zikipatikana, ongeza kondensa moja, kisha ya pili iliyo sawa nayo.

Kwa maikrofoni moja, fanya kama Tracey. Usizihamishe ngoma kwa kufuata maikrofoni. Wapigaji na wakae kama wafanyavyo siku zote. Zunguka polepole ukisikiliza kwa hedifoni, na ukisimama mahali ambapo ngoma kubwa na ndogo zasikika kwa kadiri, hapo ndipo mahali pa stendi.

Kwa maikrofoni 2, weka kondensa mbele ya kundi zima, meta 2 au 3, ili inase ngoma zote, njuga na makofi. Na dainamiki iwe karibu na ngoma iliyo kubwa, ili ipate uzito wake.

Kwa kwaya zilizo na dramu za kizungu, maikrofoni 3 zatosha. Fundi Mwingereza Glyn Johns, aliyenasa sahani ya kwanza ya kundi la Led Zeppelin huko London mwaka 1968, amejulikana kwa njia hii: dainamiki moja mbele ya dramu kubwa ipigwayo kwa mguu, maikrofoni moja juu ya ile dramu ndogo yenye nyaya chini, iitwayo snea, na nyingine kando, upande wa dramu ya chini ya mkono wa kuume, ikiitazama snea. Hizo mbili za mwisho ziwe na umbali ulio sawa kabisa kutoka katikati ya snea. Chukua uzi, pima kwa uzi ule ule, wala usikisie kwa macho.

SABABU YA KUPIMA KWA UZI

Sauti husafiri kama meta 343 kwa sekunde katika hewa ya joto la nyuzi 20. Kwa hiyo maikrofoni iliyo mbali zaidi kwa meta 1 hupata pigo lile lile baada ya sehemu 3 hivi za elfu za sekunde. Muda huo ni mdogo, lakini watosha kuleta madhara. Wakati maikrofoni moja inasukumwa, ya pili yaweza kuwa inavutwa, na zikichanganywa hufutana. Kwa tofauti ya meta 1, sauti zenye mitikisiko 170 hivi kwa sekunde hupotea, na ngoma hutoka nyembamba kama debe tupu. Ni kama watu wawili washikao mchi mmoja, huyu akiinua na yule akishusha, nafaka haitwangiki.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kusawazisha umbali, kama nilivyosema. Ya pili, ikiwa kila maikrofoni ina ngoma yake, umbali baina ya maikrofoni na maikrofoni uwe mara 3 ya umbali wa kila moja kutoka ngoma yake. Ikiwa moja iko sentimeta 20 kutoka ngozi, jirani yake na awe sentimeta 60 mbali nayo. Kisha sikiliza zote pamoja, na uzime moja. Kama sauti inanenepa unapozima moja, ujue kuwa zilikuwa zikipingana. Sogeza, ujaribu tena.

CHUMBA, HEWA NA UMEME

Nyumba zetu nyingi zina mabati. Mvua ikinyesha juu ya bati, hapana maikrofoni itakayokuokoa. Basi panga kazi yako nje ya masika na vuli, au mapema kabla ya mawingu. Kuta tupu za matofali na sakafu ya saruji hurudisha sauti na kuichafua. Tandika mikeka, tundika mablanketi ukutani, na uweke magunia yaliyojaa majani makavu ya migomba katika pembe za chumba. Na kama hapana upepo, uwanja ulio kati ya migomba wafaa kuliko chumba kidogo kilicho tupu, maana hakuna kuta za kurudisha sauti. Upepo ukiwapo, funika maikrofoni kwa sponji.

Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu na hukaza kwa joto. Ikiwa wapigaji wameota ngoma motoni kabla ya kuanza, basi ngoma zirudishwe motoni kabla ya kila kunasa, ili sauti isibadilike. Lakini maikrofoni na iwe mbali na moshi. Baada ya kazi, ifute na kuihifadhi katika sanduku kavu, hasa kondensa.

Kuhusu umeme, pasi moto betri ya kompyuta usiku uliotangulia, kisha unase ukiwa umechomoa waya wa chaji. Mara nyingi mvumo mbaya unaosikika kama nyuki hutoka katika waya ule, na ukiuchomoa hunyamaza. Tena umeme ukikatika katikati ya pigo, kazi yako haitakatika.

Programu ya Audacity hupatikana bila malipo, nayo yatosha kuanzia. Kabla ya kunasa, mwombe mpigaji apige kwa nguvu zake zote, si kwa nusu ya nguvu, maana ngoma ikikolea atazidisha. Punguza kipimo mpaka vilele vya sauti vifike kama desibeli 12 chini ya mwisho. Na ile taa nyekundu ikiwaka, usifurahi kama sisi. Ni onyo kwamba vichwa vya sauti vimekatwa, na kilichokatwa hakirudi. Sauti ndogo yaweza kukuzwa baadaye, iliyopasuka haishoneki. Nasa dakika 1, simama, sikiliza, ndipo uendelee.

MANENO YA MWISHO

Mwaka uliopita nilirudi kwa wana wa mzee yule. Mjukuu wake mmoja hupiga ngoma siku hizi, kanisani na harusini. Tuliweka dainamiki moja na stendi iliyoazimwa kwa kwaya, meta 2 kutoka ngoma. Tulijaribu mara 3 kabla ya kuanza. Alipomaliza, mama yake akavaa hedifoni, akafumba macho, akasema, "Huyu ni baba mkwe." Lakini lile pigo la mwisho halikuwamo.

Basi ninyi wanafunzi, wanakwaya, na vijana wenye studio ndogo huko Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na kwingineko, msingoje mpaka mpate vyombo vya mijini. Azimeni maikrofoni, ijaribuni kwanza kwa ngoma ya shule, mkosee hapo ambapo kosa halina hasara. Kisha nendeni kwa wazee mapema, kabla ya masika, wala msiseme kuwa mtarudi baadaye.

Haya ndiyo niliyotaka kuwaambia. Kwaherini.